Heshima na Riziki Katika Picha Nne za Sinema za Zamani



Muhula huu Chama cha Sinema cha shule yetu kilitazama picha nne za zamani, Ijumaa nne mfululizo, katika jumba la kulia baada ya chakula cha jioni. Picha ya kwanza ilipokwisha na taa kuwashwa, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akaniuliza, "Mwalimu, yule baba ni mwizi au si mwizi?"

Kabla sijafungua kinywa, jumba liligawanyika pande mbili. Wengine walisema kwamba mwizi ni mwizi, awe ameiba mara moja au mara mia. Wengine walisema kwamba mwenye njaa hana miiko, na kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kengele ya kulala ililia kabla hatujapatana. Niliahidi kwamba nitalijibu swali lile katika gazeti letu. Basi hili ndilo jibu langu, na naomba radhi kwamba ni refu kidogo, maana swali lenyewe si jepesi.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno. Neno heshima katika lugha yetu lina maana mbili. Kuna heshima apewayo mtu na wenzake: wanamsalimu, wanampisha njiani, jina lake halisemwi vibaya. Hii nitaiita heshima ya machoni. Kisha kuna heshima aliyo nayo mtu mwenyewe, hata akiwa peke yake gizani. Ndiyo inayomzuia kutenda jambo ambalo hakuna atakayelijua. Hii nitaiita heshima ya moyoni. Siku za shibe ni vigumu kuzitenga hizi mbili, maana hutembea pamoja kama mtu na kivuli chake. Riziki inapokatika, ndipo zinapoachana njia. Picha hizi nne zote zinaeleza habari za siku hiyo ya kuachana.

1. Wezi wa Baiskeli (Italia, 1948)

Picha hii, ambayo kwa Kiitaliano huitwa Ladri di biciclette, iliongozwa na Vittorio De Sica. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka 1945, na mji wa Roma ulikuwa umejaa watu wasio na kazi. De Sica hakuipiga picha yake ndani ya nyumba za kuigizia, bali katika barabara na masoko ya Roma yenyewe. Wala hakuchukua waigizaji mashuhuri. Mtu aliyeigiza kama baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na Enzo Staiola, aliyeigiza kama mwanawe, alikuwa mtoto asiyejulikana.

Antonio Ricci amekaa muda mrefu bila kazi. Siku moja jina lake linaitwa: amepata kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini lazima awe na baiskeli. Asipokuwa nayo, kazi atapewa mwingine. Baiskeli anayo, ila imewekwa rehani. Mkewe Maria hasemi mengi. Anayavua mashuka kitandani, anayafunga, wanayapeleka dukani kuwekwa rehani ili baiskeli itoke. Hapo kuna jambo ambalo nawaomba mlikumbuke. Karani wa duka anapanda kwa kubebana na lile furushi la mashuka, anapita rafu moja baada ya nyingine mpaka juu kabisa, na rafu zote zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna anayetuhubiria, lakini tumekwisha kuelewa kwamba mji mzima unalala bila mashuka.

Siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibwa. Polisi anaandika taarifa katika karatasi, na mambo yanaishia hapo. Antonio na mtoto wake Bruno wanazunguka Roma wakiitafuta. Wanamwona kijana aliyeiba, lakini yeye pia ni maskini, anakaa chumba kimoja na mama yake, anashikwa na kifafa mbele ya watu, na jirani zake wote wanamtetea. Shahidi hakuna. Hata mpiga ramli, ambaye Antonio alimdhihaki mkewe kwa kumwendea, mwishowe yeye mwenyewe anamwendea.

Kisha wanafika nje ya uwanja wa mpira, penye baiskeli nyingi zisizo na idadi. Antonio anamwambia Bruno apande tramu aende zake. Kwa nini anamfukuza mtoto? Kwa sababu anajua atakalolitenda, na hataki lionekane na macho yale. Lakini Bruno anaikosa tramu. Anamwona baba yake akiiba baiskeli, akikimbizwa, akishikwa, akipigwa makofi na kofia yake ikianguka chini. Mtoto anaiokota kofia, anaifuta vumbi. Mwenye baiskeli anamtazama yule mtoto, kisha anasema baba yake aachiliwe. Wawili wale wanakwenda zao katikati ya umati wa watu. Baba analia. Bruno anamshika mkono.

Angalieni jina la picha. Halisemi "Mwizi" bali "Wezi". Tangu mwanzo tulidhani tunamtafuta mwizi mmoja, kumbe wa pili tulikuwa tukitembea naye.

2. Awara (India, 1951)

Picha ya pili iliongozwa na Raj Kapoor, ambaye pia ndiye mwigizaji mkuu, na baba yake wa kumzaa, Prithviraj Kapoor, aliigiza kama jaji. Wazee wengi wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam ambao miaka ya 1950 walikuwa vijana wanaikumbuka picha hii mpaka leo. Kama mna babu au bibi aliyekuwa akienda sinema wakati ule, mwulizeni, huenda akawaimbia.

Bwana Raghunath ni mwanasheria mwenye jina kubwa. Yeye anaamini kwamba mtoto wa mtu mwema atakuwa mwema, na mtoto wa mwizi atakuwa mwizi, damu haibadiliki. Kwa imani hiyo aliwahi kumtia hatiani mtu mmoja aitwaye Jagga, kwa sababu tu baba yake Jagga alikuwa mhalifu. Jagga anakuwa jambazi kweli, na kwa kulipiza kisasi anamteka mkewe Raghunath, Leela. Anapogundua kwamba yule mama ni mja mzito, anamwachilia bila ya kumdhuru, kwani anajua kwamba ulimi wa watu utafanya kazi iliyobaki. Na ndivyo ilivyokuwa. Watu wananong'ona, Raghunath anaihofia heshima ya nyumba yake, na usiku wa mvua kubwa anamfukuza mkewe. Mtoto, Raj, anazaliwa njiani.

Raj anakulia katika vibanda vya Bombay. Anang'arisha viatu vya watu ili asome, lakini jina lake linafutwa shuleni. Mama yake amelala nyumbani hana nguvu kwa njaa. Basi anaiba mkate, anashikwa, anafungwa. Baadaye tunamwona gerezani, amekwisha kuwa mtu mzima, akipewa mkate. Naye anaucheka mkate ule, kwa kuwa angaliupata nje, asingaliingia ndani. Jagga ndiye aliyemfundisha wizi, ili amthibitishie Raghunath kwamba hata mtoto wa jaji anaweza kuwa mwizi.

Mwisho wake Raj anasimama kizimbani kwa kutaka kumwua jaji, ambaye ni baba yake. Anayemtetea ni Rita, rafiki yake wa utotoni, aliyesomea sheria. Raj haombi kuhurumiwa. Anaiomba mahakama iwafikirie watoto wengine wanaokulia penye uchafu ule ule. Anafungwa miaka mitatu, na hukumu ile anaikubali.

Sasa tutafakari. Katika picha hii ni nani aliye na heshima? Raghunath hakuiba kitu maisha yake yote. Kila mtu anampisha njiani. Lakini kwa kuilinda heshima ya machoni alimtupa mke asiye na kosa na mtoto ambaye hajazaliwa. Yule mtoto alipoiba mkate, mkono ulikuwa wake, lakini njaa ililetwa na nani? Somo ninaloliona hapa ni kwamba mara nyingi mwenye shibe huinunua heshima yake kwa fedha ya watu wengine. Yeye hubaki na jina, wao hulipa.

3. Malaika Wenye Nyuso Chafu (Marekani, 1938)

Hii ndiyo picha iliyo kongwe kuliko zote nne. Kwa Kiingereza huitwa Angels with Dirty Faces. Iliongozwa na Michael Curtiz, na mwigizaji mkuu ni James Cagney. Yafaa mjue kwamba tangu mwaka 1934 watengenezaji wa sinema wa Marekani walibanwa na kanuni kali: mhalifu asionyeshwe akifaidi uhalifu wake mpaka mwisho. Kwa hiyo mtazamaji wa siku zile alipoingia sinema alijua kwamba jambazi atakufa. Asilolijua ni jinsi atakavyokufa.

Vijana wawili wa New York, Rocky na Jerry, wanajaribu kuiba kalamu za wino katika behewa la treni. Wanakimbizwa. Jerry ana mbio, anaokoka. Rocky anakamatwa, anapelekwa katika gereza la watoto, na huko anahitimu ujambazi. Jerry anakuwa padre katika mtaa wao ule ule. Angalieni jinsi njia zao zilivyoachana: si kwa wema wa mmoja na ubaya wa mwingine, bali kwa wepesi wa miguu.

Rocky anaporudi mtaani, watoto wa pale wanamwona kama mfalme. Ana suti, ana fedha, hamwogopi mtu. Padre Jerry anaona kwamba kila analowafundisha watoto wale linabomolewa na suti moja. Baadaye Rocky anaua watu wawili waliokuwa wakipanga kumwua Jerry, naye anahukumiwa kufa katika kiti cha umeme. Saa yake inapokaribia, padre anamwendea na ombi la ajabu. Anamwomba afe kama mwoga. Alie, apige kelele, aombe asiuawe, ili watoto wale wasikie na kumdharau, wasitamani kuwa kama yeye.

Rocky anakataa. Maskini ya Mungu, amebakiwa na kitu kimoja tu duniani, nacho ni jina lake la ushujaa. Anatembea kuelekea mautini kifua mbele. Lakini mlango unapofungwa, tunasikia kilio, tunaona mikono yake ikishikilia isitoke, tunamsikia akiomba. Magazeti yanaandika kwamba alikufa kama mwoga. Watoto wanamwuliza padre kama ni kweli, naye anawaambia ni kweli, kisha anawachukua kwenda kumwombea.

Je, alijifanya au aliogopa kweli? Picha haituambii. Baada ya kuitazama, wanafunzi wengi walisema alijifanya, na mimi nachagua kuamini hivyo. Kama ndivyo, basi yule jambazi alitenda jambo ambalo jaji wa picha ya pili hakuliweza. Aliitoa heshima ya machoni, iliyokuwa mali yake ya mwisho, ili awaokoe watoto ambao kamwe hawatamshukuru, kwa kuwa hawatajua.

4. Bandarini (Marekani, 1954)

Picha ya nne, On the Waterfront, iliongozwa na Elia Kazan na kuandikwa na Budd Schulberg. Ilipigwa Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York. Habari zake zilitokana na uchunguzi wa mwandishi wa magazeti Malcolm Johnson, aliyeandika mwaka 1948 juu ya majambazi waliovitawala vyama vya wafanyakazi wa bandarini kule. Ilipata tuzo nane za Oscar.

Kila asubuhi makuli wanakusanyika getini. Msimamizi anachagua nani apate kibarua cha siku ile na nani arudi nyumbani mikono mitupu. Walio bandarini hapa kwetu, Mombasa na Dar es Salaam, waliijua sana hali ile ya kungoja getini katika siku za kibarua cha kutwa. Mtu anayechaguliwa upya kila asubuhi hawezi kusema lolote alasiri. Kwa hiyo pale Hoboken kuna sheria isiyoandikwa: kuwa kiziwi na bubu. Anayesema na wakubwa wa serikali juu ya mauaji na wizi wa chama huitwa njiwa anayeimba, na hana heshima mbele ya wenzake.

Terry Malloy, aliyeigizwa na Marlon Brando, alikuwa bondia. Ndugu yake Charley, aliye mtu wa karibu wa mkubwa wa majambazi, alimwamuru ashindwe kwa makusudi ili wao washinde fedha za kamari. Sasa Terry anapata kazi nyepesi na anafuga njiwa darini. Mwanzoni mwa picha anatumiwa, bila ya kujua kwamba ni mauti, kumwita kijana Joey Doyle juu ya paa, naye Joey anasukumwa kutoka juu akafa. Kosa la Joey lilikuwa kukubali kutoa ushahidi.

Terry anampenda Edie, dada yake marehemu. Kuli mwingine aliyetaka kusema anaangushiwa mzigo ndani ya meli, anakufa. Padre Barry anahubiri palepale juu ya maiti yake kwamba anayenyamaza ameshiriki. Mwisho Charley mwenyewe anauawa kwa kuwa hakutaka kumtoa ndugu yake. Ndipo Terry anapokwenda kutoa ushahidi mbele ya watu wote.

Je, analipwa sifa? Jirani wanampa kisogo. Mtoto mmoja, Tommy, aliyekuwa akimpenda na kumtunzia njiwa wake, anawanyonga njiwa wote, anamtupia mmoja huku akilia. Machoni pa mtoto yule Terry amepoteza heshima yote. Baadaye anapigwa karibu ya kufa, na ndipo anapoinuka kwenda kazini akiyumba, na wenzake wanamfuata.

Sitaki niwafiche jambo moja. Mwaka 1952 Kazan mwenyewe alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka Wakomunisti, akawataja wenzake wa zamani. Wengi hawakumsamehe, na wako wasemao kwamba aliitengeneza picha hii ili ajitetee. Hili halituzuii kujifunza katika picha, lakini latulazimu kuuliza swali kwa makini zaidi. Kumtaja mwuaji ili maskini wapumue, na kumtaja mwenzio kwa mawazo yake ili wewe usikose kazi, ni mambo mawili. Ulimi ni ule ule. Wa kutazamwa ni yule atakayelipa: msemaji, au yule anayesemwa?

Jambo lililonipata mimi

Katika picha hii ya nne mlicheka sana mliposikia ile sheria ya kuwa kiziwi na bubu. Mlicheka kwa sababu mnaijua. Kila bweni linayo. Mimi pia niliishika, na sasa nitawaeleza.

Nilikuwa Kidato cha Pili katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Usiku mmoja mwenzetu alipotelewa na nauli yake ya kurudia kwao, shilingi mia mbili. Aliyeichukua alikuwa rafiki yangu, na kitanda chake kilikuwa karibu na changu. Nilimwona akilifungua sanduku. Kesho yake alinunua mkate mzima na soda, akanimegea nusu. Nikala. Nilijua fedha ile ilitoka wapi, nikala, maana nilikuwa na njaa, na maana kukataa kungekuwa ni kumwambia kwamba nimemwona.

Aliyeshukiwa ni mvulana mwingine. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa maskini kuliko sote, na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa waya. Alichapwa viboko mbele ya shule, akapelekwa nyumbani akamlete mzazi.

Siku ya tatu alirudi na baba yake. Mimi nilikuwa zamu ya kufagia baraza ya ofisi. Yule mzee alivua kofia mlangoni, akaisikiliza habari yote, kisha akamgeukia mwanawe mbele ya watu wote.

"Mwanangu, uliiba?"

"Sikuiba, baba."

Mzee alimtazama muda mrefu. Kisha akamwambia mwalimu, "Mimi namwamini mwanangu. Lakini fedha ya watu haina budi ipatikane." Akafungua kitambaa, akazihesabu shilingi mia mbili juu ya meza, noti mbovumbovu na sarafu. Baadaye tulisikia kwamba alikuwa ameuza mbuzi.

Ufagio ulikuwa mkononi mwangu. Kutoka nilipokuwa mpaka mlangoni hazipati hatua kumi. Sikusema neno. Nilijiambia kwamba ninamwekea rafiki uaminifu, na kwamba mtu wa heshima hachongei. Kwa kweli nilikuwa nikiulinda mkate.

Mwaka wa mwisho nilimwendea yule mwenzetu nikamweleza ukweli wote. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu, "Ulikuwapo siku ile baba alipokuja?" Nikajibu kwamba nilikuwapo. Akanyamaza, akaenda zake. Tangu siku ile, kila nimwonapo Bruno akiifuta kofia ya baba yake, mimi huitazama kofia nyingine.

Jibu langu

Basi, yule baba ni mwizi au si mwizi?

Ni mwizi. Aliiba baiskeli ya mtu mwingine, ambaye pengine naye angekosa kazi yake kesho yake. Njaa inatueleza sababu yake. Haiifanyi baiskeli ile kuwa mali yake. Yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana analia, na ndiyo maana alitaka mtoto aondoke kwanza. Heshima yake ya machoni ilianguka pamoja na kofia. Lakini ya moyoni haikufa, kwani moyo uliokufa hauoni aibu. Bruno aliliona hilo, akampa mkono.

Hata hivyo swali lile, kama lilivyoulizwa, lina upungufu. Linamwuliza mtu mmoja tu, aliye maskini, na kuwaacha wengine wote wakipita. Tuulize pia juu ya mwenye baiskeli, ambaye alikuwa na haki ya kumpeleka polisi, naye kwa kumwona mtoto akaiacha haki yake. Tuulize juu ya jaji aliyekuwa na shibe. Tuulize juu ya walioziba masikio bandarini. Na tuulize juu ya kijana mmoja aliyekuwa na ufagio mkononi.

Kwenu wanafunzi nasema hivi: uaminifu kwa rafiki ni kitu chema, lakini kabla hujanyamaza kwa ajili yake, tazama ni nani atakayelipa kimya chako. Kama anayelipa ni wewe mwenyewe, huenda ukawa uaminifu. Kama anayelipa ni mtu mwingine asiye na kosa, hiyo si heshima, bali ni woga uliovaa nguo ya heshima. Mwendee rafiki yako kwanza, mpe usiku mmoja akaseme mwenyewe. Asiposema, sema wewe.

Kwetu sisi walimu: kitu kinapopotea, tusianze kuwatazama watoto wenye viatu vibovu. Umaskini si ushahidi.

Na kwenu wazazi: siku mtakapoitwa shuleni kwa habari mbaya, mwulizeni mtoto kwanza, kama alivyofanya yule mzee, na mkisikilize kinywa chake mpaka mwisho. Mimi sijui jina lake yule mzee mpaka leo, lakini sijapata kumwona mtu mwenye heshima kumzidi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika Wezi wa Baiskeli, Antonio anamwamuru mtoto aondoke kabla ya kuiba. Je, hilo linaonyesha heshima au linaonyesha hila? Toa sababu.

2. Raj aliiba mkate, Raghunath alimfukuza mkewe. Ni nani kati yao aliyetenda kosa kubwa zaidi? Ni nani aliyeadhibiwa na mahakama? Eleza kwa nini.

3. Kama Rocky alijifanya mwoga, basi padre aliwaambia watoto uwongo. Je, uwongo ule unafaa? Mngekuwa ninyi watoto wale, mngependa kuujua ukweli?

4. Andika insha ya kurasa mbili: "Siku niliyonyamaza." Asiyetaka isomwe mbele ya darasa aandike hivyo juu ya karatasi. Nitaisoma peke yangu, na nitamrudishia mkononi.